Kazi Ndogo za Mti: Mkono Usije Ukasahau

Ni wachache mno kati yetu, sisi tuliolelewa katika miji ya pwani, wasioyajua marufaa. Ndiyo yaliyoubeba msahafu mbele yetu tulipokuwa chuoni, na ndiyo yaliyotufundisha adabu ya kwanza, kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu hayawekwi chini. Lakini mwulize kijana wa leo marufaa hufanywaje, naye atakujibu kwamba hununuliwa dukani. Jawabu lake si la uongo. Marufaa ya plastiki yamejaa madukani. Ni mepesi, ni rahisi, na yakivunjika hutupwa. Linalonisikitisha ni kuwa kijana huyo hana habari kwamba mjomba wake mwenyewe, au jirani yake wa nyumba ya pili, aliwahi kuyachonga kwa mkono.

Katika makala haya nataka nizungumze na wasomaji juu ya kazi ndogo za mti: marufaa, mbuzi ya kukunia nazi, miko, vibweta, mitawanda, bao la kete, tari, zumari na kibangala. Sikusudii kazi ya milango na samani, ambayo ina mafundi wake na bei zake. Nakusudia kazi ambayo mtu huifanya barazani mwake baada ya alasiri, kwa kujifurahisha, bila ya kungoja ujira.

Zamani kazi hii ilikuwapo katika kila mtaa. Baharia aliyekuwa akingoja msimu alimchongea mwanawe jahazi dogo la kuelea majini. Mzee aliyepumzika kazi alimchongea mkewe mwiko, na mwiko huo ukasifiwa kuliko ule wa sokoni. Mitawanda ya kuendea hamamuni ilitiwa msuruaki nyumbani, wala haikupelekwa kwa fundi. Almuradi, mti ulikuwa haujatutoka mkononi.

KAZI WALIYOIFANYA MITUME

Wako watu wanaoiona kazi ya mkono kuwa ni ya yule aliyeshindwa na masomo. Mzazi akimwona mwanawe ameshika patasi, humwambia, "Wacha mchezo huo, kasome." Kusoma ni faradhi, na sina neno juu ya kusoma. Lakini dharau hii hatukuirithi katika dini yetu.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Imepokewa vilevile katika Sahihi ya Bukhari kwamba Nabii Daud (A.S.) alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake. Nabii Nuhu (A.S.) aliiunda safina mbele ya macho ya watu waliomcheka. Na Mtume wetu (S.A.W.), baada ya kuhutubu kwa muda akiegemea gogo la mtende, alitengenezewa mimbari na seremala kwa mti wa tarfaa uliotoka Ghaba, mimbari ya daraja tatu tu. Ikiwa mti na patasi vilifika mahali patukufu kama hapo, sisi ni nani wa kuvidharau?

Na hapa kwetu pia iko historia. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulijulikana kwa wanavyuoni wake na kwa misahafu iliyoandikwa na kutiwa nakshi kwa mkono. Mji huohuo ulikuwa na mafundi wa mti na wa ngozi. Aliyeandika na aliyechonga walikuwa majirani, na yaelekea mmoja alikuwa akipita barazani kwa mwenzake kila siku. Elimu na ufundi havikuwa na uadui.

UBAO MMOJA, BAWABA BILA MSUMARI

Marufaa yana siri ambayo wengi hawaijui ingawa wameyafungua na kuyafunga maelfu ya mara. Ni ubao mmoja. Hayakuunganishwa kwa msumari wala kwa gundi, wala hayana bawaba ya chuma. Vipande viwili vimezaliwa katika ubao mmoja na havitengani mpaka vivunjwe.

Nitajaribu kueleza namna yanavyofanywa, kwa sababu niliyafundishwa na fundi ambaye sasa hayupo, na sipendi maneno yake yaishie kwangu.

Twaa ubao mkavu wa urefu wa inchi 18, upana wa inchi 7 na nusu, na unene wa inchi moja na nusu. Upige randa pande zote mpaka unyooke. Kisha piga mstari wa kukata upana, inchi 7 kutoka chini. Hapo ndipo patakapokuwa bawaba. Chini yake ni miguu, na juu yake ni mabawa yatakayoubeba msahafu. Gawa upana huo mafungu matano ya inchi moja na nusu kila moja. Kila fungu ni jino. Yachore meno hayo upande wa mbele, kisha uyachore upande wa nyuma mahali palepale, yalingane sawasawa.

Sasa twaa patasi. Jino la kwanza, la tatu na la tano huchongwa mviringo upande wa chini kwa mbele, na upande wa juu kwa nyuma. La pili na la nne huchongwa kinyume chake: juu kwa mbele, na chini kwa nyuma. Patasi iingie mpaka kati ya unene wa ubao, isizidi. Halafu meno yatenganishwe moja na jingine kwa msumeno mwembamba, kutoka mbele mpaka nyuma.

Baadaye huja kazi ya saburi. Ubao husimamishwa katika jiriwa, ukapasuliwa kwa msumeno katikati ya unene wake, kutoka juu mpaka kwenye meno. Kisha hugeuzwa ukapasuliwa kutoka chini, nao msumeno ukasimama kwenye meno hayohayo. Msumeno ukipinda kidogo, bawa moja litakuwa nene na jingine jembamba kama karatasi. Ndiyo maana fundi wangu alikuwa akisema, "Mwanangu, mti hauna haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Ukimaliza, ubao bado ni ubao. Mtu asiyejua atadhani hujafanya kitu. Ugonge taratibu kwa kiganja, uuvute huku na huku. Utasikia mlio mdogo, kisha ubao utafunguka kama mkasi, na meno yatakuwa yameshikana kama vidole vya mikono miwili. Nimeyaona marufaa mengi yakifunguka, na hata leo sijaona mtu, mkubwa kwa mdogo, aliyelishuhudia hilo mara ya kwanza asiseme, "Subhana-llah!"

Anayejifunza, akifanya kazi saa moja kila jioni, atayamaliza kwa muda wa wiki mbili. Nakshi atazitia baadaye akipenda: yungiyungi, mnyororo, au jina la Mwenyezi Mungu kwa hati nzuri. Mimi hupenda marufaa yasiyo na nakshi, yaliyopakwa nta na kusuguliwa kwa kitambaa mpaka yang'ae.

MTI HAUPATIKANI MSITUNI TU

Watu huniuliza, "Mti nitautoa wapi siku hizi?" Ni swali la haki. Biashara ya kupeleka boriti za mikoko Arabuni, ambayo majahazi yetu yaliitegemea karne nyingi, ilikomeshwa na serikali mwaka 1982. Mwaka 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mpingo umekuwa adimu. Miti mikubwa iliyowatosheleza babu zetu haipo tena karibu.

Lakini kazi ndogo haihitaji gogo. Huhitaji mabaki. Nenda kwa seremala wa milango ukamwombe vipande anavyovitupa. Nenda panapoundwa mashua. Mwembe ukianguka kwa upepo uani kwa jirani, usiache tawi lake likawa kuni zote. Mfenesi ni mti mzuri sana kwa marufaa. Una rangi ya manjano inayokolea kadiri miaka inavyokwenda. Na mwarobaini, ambao wengi wetu tunaujua kwa majani yake ya dawa, mbao zake hazipendwi na wadudu. Wachongaji wa Kikamba wa chama cha ushirika kilichoko Changamwe, Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1963, walipoona mpingo na muhugu vinakwisha, waliugeukia mwarobaini na ukawafaa.

Kuhusu mpingo wenyewe, ni vyema kijana ajue kwamba mti huu mzito, unaozama majini kama jiwe, ndio unaotumiwa Ulaya kuchongea klarineti na obo. Mti wetu hupuliziwa katika kumbi kubwa za muziki huko mbali, na wengi wetu hatujui hata ukoje ukiwa na majani.

Nyenzo nazo si nyingi. Msumeno mmoja, patasi mbili au tatu, nyundo, tupa, randa ndogo, keekee ya kutobolea na msasa. Patasi iwe kali. Patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa kuwa huisukuma kwa nguvu nayo ikateleza.

ALA ZA NGOMA NA MASHAKA YA WATU

Najua wako wasomaji watakaonikunjia uso nikitaja zumari na kibangala. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya ala za nyuzi na za kupuliza, na gazeti si mahali pa kutolea fatwa, wala mimi si mwenye elimu hiyo. Kila mtu na ashike alilofundishwa na shekhe wake. Anayejizuia na ala bado ana marufaa, ana loho ya kuandikia, ana rafu ya kuwekea vitabu.

Tari, kwa upande mwingine, limeshika nafasi yake katika ibada na furaha zetu. Maulidi ya Habshi, ambayo Habib Swaleh aliyasimamisha Lamu na ambayo bado husomwa katika Msikiti wa Riyadha, husomwa kwa matari. Na tari ni nini? Ni duara la mti lililowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja. Duara lisipokuwa sawa, ngozi hailii sawa. Kwa hiyo nyuma ya kila sauti inayotutoa machozi usiku wa maulidi yuko mtu aliyekaa chini akalipima duara lile kwa jicho lake.

KIBANGALA KILICHOBAKIA NUSU

Fundi aliyenifundisha alikuwa mwenyeji wa Lamu aliyehamia Mji wa Kale, Mombasa. Mchana alitengeneza milango, na jioni alichonga vitu vya moyo wake. Katika miaka yake ya mwisho alianza kuchonga kibangala.

Wasomaji wengi vijana watakuwa hawajakiona. Asili yake ni ala ya Yemen iitwayo kanbus, na kwa ajili hiyo kwetu huitwa pia gambusi. Ud unaopigwa katika taarabu hujengwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi, na uso wake ni wa mbao. Kibangala hakiko hivyo. Tumbo na shingo yake huchongwa katika mti mmoja, umbo lake kama mumunye uliopasuliwa, kisha tumbo hufunikwa kwa ngozi ya mbuzi. Ile kanbus ya Yemen aghlabu huwa na nyuzi saba, jozi tatu na mmoja wa peke yake. Ud ulipoenea, kibangala kiliwekwa kando, na mafundi wake wakapungua mmoja mmoja.

Fundi wangu alifariki kabla ya kukimaliza, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mjane wake aliniita akanikabidhi gogo lile, akaniambia, "Ami yako alisema likae kwa mtu atakayelijua." Nikalitazama. Nje limekwisha umbo. Ndani limechimbwa nusu tu. Shingo bado ni nene, na matundu ya vigingi hayajatobolewa.

Tatizo si kuchimba, kuchimba najua. Tatizo ni kujua pa kusimama. Ukuta wa tumbo uwe na unene gani? Nilimwona mara nyingi akiligonga gogo kwa kiungo cha kidole, akisikiliza, akitoa ubapa mwembamba wa mti, kisha akigonga tena. Kipimo chake kilikuwa sikioni, na sikio hilo limezikwa. Nimewauliza maseremala, wananiambia wamewahi kukiona kibangala, lakini hawajawahi kukichonga. Nimewauliza wapigaji wa ud. Wananiambia walisikia babu zao wakikipiga. Kila mmoja ananielekeza kwa mtu ambaye amekwisha kufa.

Kwa hiyo mimi na mpwa wangu tumetwaa gogo jingine, la mfenesi, tukaanza cha kwetu. Tunachimba kidogo, tunagonga, tunasikiliza, tunaandika katika daftari unene tuliofika na sauti tuliyoisikia. Bado hatujakitia ngozi. Kikitoa sauti ya debe, tutachonga kingine, na baada yake kingine. Gogo la marehemu halitaguswa mpaka tuwe na kibangala kimoja kinachonena. Nimemwambia mpwa wangu kwamba huenda mkono utakaolimaliza ukawa wake na si wangu, na daftari ni lake.

Nimelisimulia hili kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Msahafu ukipotea, uko mwingine. Kitabu kikiungua, huenda nakala ikapatikana. Lakini ujuzi wa mkono hauna nakala ila katika mkono mwingine. Ukikatika kizazi kimoja, kizazi kinachofuata hakirithi. Huanza upya kama mtu wa kwanza duniani.

WATOTO WANA NAFASI YAO

Katika likizo moja ya Desemba, maalim wa chuo cha mtaani kwetu aliniruhusu nikae na wanafunzi wake sita kila siku baada ya alasiri. Nikawapa kila mmoja ubao. Siku ya pili baba wa mmoja wao alikuja kwa hasira. Akaniuliza, "Bwana, mwanangu nimemleta kusoma au kuwa seremala?" Sikubishana naye. Nikamwomba aketi atazame. Akaketi kwa kunistahi tu. Mwanawe alikuwa akipigana na jino la tatu. Patasi ilikuwa ikimkataa. Baada ya kitambo yule baba akamnyang'anya patasi, akasema, "Si hivyo. Baba yangu alikuwa akiishika hivi." Nikanyamaza. Tangu siku hiyo alikuja kila jioni, na aliporudi mara ya kwanza alikuja na msumeno wa marehemu baba yake, uliokuwa umelala uvunguni miaka mingi.

Marufaa sita yalimalizika. Mawili yalikuwa yamepinda, na moja lilikuwa na bawa lenye ufa. Maalim aliyaweka yote sita safu ya mbele, na mpaka leo hakuna mtoto aliyeyavunja. Watoto hawavunji kwa urahisi kitu ambacho mmoja wao alikitolea jasho.

Wageni wanaotembelea Lamu, mji uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hununua marufaa yetu ya mti na kuyabeba mpaka makwao wakayawekee vitabu na picha. Sisi wenye msahafu tunanunua ya plastiki yaliyotoka ng'ambo. Msomaji na apime mwenyewe biashara hii.

TUANZE WAPI?

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Anza na mwiko. Utakufundisha namna nyuzi za mti zinavyokwenda, wapi patasi inakubaliwa na wapi inakataliwa. Ukiumaliza, chonga bao la kete: safu 4 za mashimo 8, jumla yake mashimo 32, na komwe zake 64. Bao litakufundisha kurudia kitu kimoja mara nyingi bila ya kuchoka, na ukimaliza utakuwa na mchezo wa kuchezea na wenzako. Baada ya hapo mkono wako utakuwa tayari kwa marufaa.

Usianze kwa kununua nyenzo nyingi. Uliza kwanza uvunguni kwa wazee wako. Na kabla ya kushika mti wowote, mtafute mtu wa mtaa wako aliyewahi kuifanya kazi hii. Yupo. Pengine ni yule mzee unayempa salamu kila siku ukielekea msikitini, na hujapata kumwuliza ila habari za afya. Kaa naye barazani, mpelekee kahawa, mwambie akuonyeshe namna anavyoishika patasi. Asikueleze tu, akuonyeshe, kisha akutazame ukifanya.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mimi nasema, na fundi mwahi angali hai.